Moshi wa Jikoni na Pumzi ya Mama: Namna Mapafu Yanavyochoka



Juma hili tunazungumza juu ya kazi ambayo kila mmoja wetu anaifanya zaidi ya mara 17.000 kwa siku bila kuhesabu: kuvuta pumzi. Mtu mzima anayepumzika anapumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika moja. Hakuna anayetufundisha, na hata usingizini hatusahau. Tunaikumbuka tu siku inapokuwa ngumu.

Katika vijiji vyetu kuna ugonjwa wenye majina mengi. Wengine wanasema "kifua". Wengine wanasema "pumu ya uzee". Wengine wanasema mama huyu amelishwa sumu, au amelogwa. Mnamjua mama wa namna hiyo. Anakohoa miaka na miaka, asubuhi zaidi. Zamani alibeba beseni ya maji kutoka chemchemi mpaka nyumbani bila kupumzika. Sasa anaiweka chini mara tatu njiani. Akipanda kilima, maneno yanakatika mdomoni. Mwishowe miguu inavimba, na usiku hawezi kulala kwa mgongo.

Familia yake inauza kuku, halafu mbuzi. Anapigwa sindano huku, anapewa majani kule, anaombewa kila mahali. Anapata nafuu kidogo, halafu kikohozi kinarudi. Hapo watu wanaanza kutafuta nani amemfanyia ubaya, na mara nyingi jina linaloanguka ni la bibi mzee wa jirani.

Ndiyo maana nimeona vema tufunguane macho. Wengi wa wamama hawa wana ugonjwa wa mapafu wa kudumu. Waganga wetu wanauita kwa kifupi BPCO. Hauambukizwi kwa kikombe wala kwa kitanda. Hautoki kwa jirani. Kwa wamama wengi unatoka katikati ya mafiga matatu, pale tunapopika sombe na ugali kila siku.

Hewa inapita wapi

Tufuate hewa tangu mlangoni. Inaingia kwa pua, na pua inaipasha joto, inailainisha na kuichuja vumbi. Inapita kooni, inaingia katika bomba kubwa la hewa ambalo unaweza kuligusa mbele ya shingo. Ndani ya kifua bomba hilo linagawanyika mara mbili, tawi moja kwa kila pafu. Kila tawi linagawanyika tena na tena, kama mwembe uliogeuzwa kichwa chini: shina juu, matawi chini, na vitawi vyembamba kuliko uzi.

Mwishoni mwa kila kitawi kuna vifuko vidogo sana vya hewa, vimeshikana kama kichala cha matunda. Mtu mzima ana vifuko milioni 300 hivi, na wengine wamehesabu zaidi. Kama tungeweza kuvifungua vyote na kuvitandaza chini, vingefunika nafasi ya metre za mraba 70 hivi. Hiyo ni kubwa kuliko nyumba za wengi wetu, na yote imekunjwa ndani ya kifua.

Ukuta wa kila kifuko ni mwembamba sana, haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimetre. Upande mmoja wa ukuta kuna hewa. Upande wa pili kuna mishipa midogo ya damu. Hapo ndipo kazi yenyewe inafanyika.

Soko la kubadilishana

Fikirini soko letu siku ya watu wengi. Mmoja amekuja na mchele, mwingine amekuja na mawese. Wanabadilishana, kila mmoja anarudi na alichokosa. Katika vifuko vya hewa kuna soko kama hilo, na halifungwi usiku wala mchana.

Damu inafika sokoni na mzigo wa takataka. Takataka hiyo inaitwa gazi kaboniki, nayo inatoka katika kazi ya mwili, kama moshi unavyotoka katika moto. Hewa inafika na oksijeni, ambayo ndiyo uhai wa misuli, moyo na ubongo. Damu inaacha gazi kaboniki, inabeba oksijeni. Tunapotoa pumzi, takataka inatoka nje.

Tunaweza kuona biashara hiyo kwa hesabu. Hewa tunayoivuta ina oksijeni sehemu 21 hivi kwa 100. Hewa tunayoitoa ina 16 hivi. Hizo sehemu 5 zimebaki ndani, zimeingia katika damu. Gazi kaboniki katika hewa tunayoivuta haifiki hata sehemu 1 kwa 100. Katika hewa tunayoitoa inafika 4 hivi.

Wenye kubeba oksijeni katika damu ni chembe nyekundu. Ndiyo maana mama asiye na damu ya kutosha, kwa sababu ya malaria au uzazi, anahema hata kama mapafu yake ni mazima: soko liko wazi, lakini wabebaji ni wachache.

Kwenye hospitali mmeona kidude kidogo kinachobanwa kidoleni, chenye taa nyekundu. Kinapima ni chembe ngapi kwa 100 zimebeba oksijeni. Kwa mtu mzima wa afya inakuwa 95 mpaka 100. Ikishuka chini ya 90, munganga anashughulika haraka.

Moshi unaharibu nini

Moshi wa kuni si kitu kimoja. Ndani yake kuna vumbi jembamba sana, jembamba hata pua haiwezi kulikamata. Linashuka na hewa mpaka kwenye vifuko. Siku moja haileti ugonjwa. Lakini msichana anayeanza kupika akiwa na miaka 8, mpaka afike miaka 45, ameinama juu ya moto kila siku kwa miaka 37.

Ubaya wa kwanza unapatikana katika mirija. Ngozi ya ndani inawashwa, inavimba, inatengeneza makohozi mengi. Njia inakuwa nyembamba. Mtu akikohoa na kutoa makohozi kwa muda wa miezi 3 kila mwaka, kwa miaka 2 mfululizo, na hakuna ugonjwa mwingine unaoeleza jambo hilo, waganga wanasema mirija yake ina ugonjwa wa kudumu.

Ubaya wa pili unapatikana katika vifuko vyenyewe. Kuta zinakatika. Vifuko vidogo kumi vinageuka kifuko kikubwa kimoja, kilicholegea. Unaweza kufikiri kwamba kikubwa ni bora. Sivyo. Nyumba yenye vyumba kumi ina kuta nyingi; ukivunja kuta zote unabaki na chumba kimoja kipana na kuta chache. Na biashara ya hewa na damu inafanyika kwenye kuta. Kuta zikipungua, soko linapungua, na kuta zilizovunjika hazijengwi tena.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Mgonjwa wa namna hii anashindwa zaidi kutoa hewa kuliko kuivuta. Mirija iliyolegea inajifunga anapotoa pumzi, na hewa ya zamani inabaki ndani. Ni kama mtungi uliojaa maji machafu: hata ukiuweka chini ya chemchemi safi, maji mapya hayapati nafasi. Kifua kinabaki kimejaa, kinakuwa cha mviringo kama pipa, na mgonjwa anainua mabega kila anapovuta.

Oksijeni ikipungua, mwili unajitahidi. Unatengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi, damu inakuwa nzito. Mishipa ya mapafu inajibana. Moyo, ule upande unaosukuma damu kwenda kwenye mapafu, unafanya kazi kupita nguvu zake na mwishowe unachoka. Hapo ndipo miguu inavimba. Na gazi kaboniki ikibaki mwilini, mgonjwa anaamka na kichwa kinachouma, anasinzia mchana, na ikizidi sana anachanganyikiwa maneno.

Sasa mnaona: kikohozi, kuhema, miguu kuvimba, kichwa kuuma, kuchanganyikiwa. Watu wanahesabu magonjwa matano, tena wanasema matano kwa pamoja ni lazima ulozi. Kumbe ni kamba moja, na kichwa cha kamba kiko katika mapafu.

Jaribio dogo la kufanya katika kikundi

Chukua bua la jani la mpapai, lile lenye tundu pana. Ziba pua, pumua kwa bua hilo kwa nusu dakika. Ni rahisi. Halafu chukua bua jembamba la nyasi lenye tundu dogo, fanya vilevile ukiwa umesimama mahali pamoja. Utaona kifua kinataka kupasuka. Mwenye pumu, mwenye mimba na mgonjwa wasijaribu, na kila mtu aache mara akisikia kizunguzungu. Nusu dakika hiyo inatosha kuelewa maisha ya mama mwenye ugonjwa huu. Yeye hana bua la kutupa.

Si kwetu peke yetu, wala si moshi wa kuni peke yake

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 ugonjwa huu uliua watu milioni 3,5 hivi duniani, nao ulikuwa wa nne kati ya magonjwa yanayoua zaidi. Katika nchi za matajiri sababu kubwa ni sigara. Kwetu Afrika moshi wa kupikia una nafasi kubwa, na wanawake ambao hawajawahi kuvuta sigara wanaugua.

Katika wilaya ya Masindi, Uganda, watafiti walipima pumzi za watu wa vijijini wenye miaka zaidi ya 30, na matokeo yakatangazwa mwaka 2015. Karibu watu 16 kwa kila 100 walikuwa na ugonjwa huu. Wanawake walikuwa nao kama wanaume, hata zaidi kidogo. Wengi wa wagonjwa hao hawakuwa wazee. Kundi kubwa zaidi kati yao lilikuwa la watu wa miaka kati ya 30 na 39. Karibu wote waliishi na moshi wa kuni. Vijiji hivyo vinapika kama sisi.

Na tusisahau sababu nyingine zilizo kwetu.

Kwanza, kifua kikuu. Mtu anaweza kupona vizuri, vijidudu vyote vikafa, lakini mapafu yakabaki na makovu. Kukohoa kwake baadaye si lazima iwe kifua kikuu kimerudi. Apimwe makohozi tena, asipewe dawa kwa kukisia.

Pili, lutuku. Tunajua wote kwamba mtungi wa lutuku umelipa minervali ya watoto wengi. Sitakuja hapa kumdharau mama anayepika pombe ili mtoto wake amalize sekondari. Lakini anayepika lutuku anakaa karibu na moto mkubwa saa nyingi, zaidi ya anayepika chakula. Vilevile anayekaanga mawese na anayekausha samaki kwa moshi. Kama kazi hiyo haina budi, ifanyike nje, chini ya paa lisilo na kuta, na mama akae upande ambao upepo unatoka.

Tatu, vumbi la mawe. Kwenye machimbo ya dhahabu, kama upande wa Salamabila na Namoya, kuna wanaovunja na kusaga mawe. Huko Kamituga, Kivu ya Kusini, wamama wanaotwanga mawe kwa kinu wamepewa hata jina kwa Kifaransa chetu cha mitaani: "mamans twangaises", kutokana na neno letu "kutwanga". Vumbi la mawe meupe magumu likiingia mapafuni halitoki, linafanya makovu. Kulowesha jiwe kwa maji kabla ya kutwanga kunapunguza vumbi. Kitambaa mdomoni ni bora kuliko kukosa, lakini hakizuii vumbi jembamba lote.

Nne, tumbako, ya dukani na ya shambani. Baba akivuta ndani ya nyumba, mke na watoto wanavuta pamoja naye.

Mtoto mgongoni

Hapa naomba tusimame kidogo. Mapafu ya mtoto bado yanajengwa. Anapumua haraka kuliko sisi, basi kwa kilo yake anavuta moshi mwingi kuliko sisi. Na mara nyingi yuko mgongoni, ndani ya kikwembe, mama akiwa ameinama juu ya chungu. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 moshi wa nyumbani ulihusika na vifo milioni 3,2 duniani, na kati yao zaidi ya 237.000 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Wengi wa watoto hao wanakufa kwa nimonia. Katika nimonia vile vifuko vya hewa vinajaa maji na usaha. Soko linafurika, biashara inasimama.

Kila mama anaweza kuhesabu pumzi za mtoto. Mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi. Fungua nguo, tazama tumbo na kifua, hesabu kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Hizi ndizo hesabu ambazo waganga wanazitumia:

– Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari.
– Miezi 2 mpaka 11: pumzi 50 au zaidi.
– Mwaka 1 mpaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Mtoto anayekohoa na kufikia hesabu hiyo apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kama sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani anapovuta, kama midomo inageuka rangi ya bluu au kijivu, kama hawezi kunyonya au ana degedege, msingoje asubuhi.

Chanjo nazo ni ulinzi wa mapafu. Surua inafungulia nimonia mlango. Kasongo yetu imeandikwa katika historia ya jambo hili: mwaka 1981 kundi la waganga wa mradi wa Kasongo, waliofanya kazi pamoja na chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerp, Ubelgiji, lilitangaza katika gazeti la waganga la Lancet utafiti juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo wa miezi 7 mpaka 35. Kumbe bibi zetu na watoto wao walisaidia dunia kujifunza. Tusiache kadi ya chanjo ilale sandukuni.

Je, jiko jipya linatosha?

Hili ni swali gumu, nami nataka tuliseme kwa ukweli, maana feza ya likelemba si ya kuchezea. Huko Malawi watafiti waligawa majiko ya kisasa yenye kutoa moshi kidogo kwa familia za vijijini, wakafuata watoto zaidi ya 10.000. Matokeo yalitoka mwishoni mwa 2016: watoto wa nyumba zenye majiko hayo waliugua nimonia sawa na watoto wa nyumba za mafiga.

Kwa nini? Sababu moja inayofikiriwa ni kwamba moshi hautoki katika jiko moja peke yake. Kuna moto wa jirani, takataka zinazochomwa, tumbako, taa ya mafuta, na moto wa zamani ambao familia inaendelea kuuwasha pembeni. Kwetu ongeza moto wa mbuga wakati wa kiangazi.

Hivyo tusidanganyike kwamba kitu kimoja cha kununua kitatuokoa. Lakini tusiseme pia kwamba hakuna la kufanya. Moshi mwingi ukipungua, macho, koo na kifua vinapata nafuu. Na njia nyingi za kuupunguza hazitaki franka hata moja:

1. Kuni zikauke. Kuni mbichi zinatoa moshi mara nyingi zaidi. Zipasuliwe nyembamba, zipangwe chini ya paa kabla mvua hazijaanza.
2. Tupike nje kila siku ambayo mvua inaturuhusu. Wakati wa mvua, jiko liwe mbali na chumba cha kulala.
3. Jiko la ndani liwe na nafasi mbili zinazotazamana, mlango na dirisha, ili upepo upite. Pia waache nafasi kati ya ukuta na paa. Ukurasa huu ni wa wamama, lakini dirisha linakatwa na baba. Mwonyesheni aya hii.
4. Maharagi yalale majini usiku. Sombe itwangwe laini. Chungu kifunikwe. Kila nusu saa inayopungua motoni ni nusu saa ya hewa safi.
5. Mtoto asiwe mgongoni wakati wa kuwasha na kuchochea moto. Dada mkubwa amshike nje, au amlaze chini ya mti anapoonekana.
6. Msichana mmoja asiachiwe moto peke yake kila siku. Wavulana pia wanaweza kupokezana. Moshi haujui mvulana wala msichana.

Najua wengine watasema: moshi unafukuza mchwa kwenye paa, unakausha mahindi juu ya kichanja. Ni kweli. Basi mahindi yakaushwe kwa moto wakati hakuna mtu ndani.

Na onyo juu ya mbabula. Makala hayatoi moshi mwingi, na watu wanafikiri ni salama. Yanatoa gazi ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inayoitwa kaboni monoksidi. Gazi hiyo inashikana na chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Wabebaji wote wanabeba sumu, oksijeni inakosa nafasi. Mbabula inayowaka katika chumba kilichofungwa imeua familia nzima usingizini. Usiiweke chumbani usiku, hata kwa baridi, hata kwa mtoto mchanga.

Kama ugonjwa umeshaingia

Kuta za vifuko zilizovunjika hazirudi. Lakini mgonjwa anaweza kuishi vizuri miaka mingi, na kila mwezi anaokaa bila moshi unazuia mengine yasivunjike.

Jambo la kwanza ni kupimwa. Kikohozi kinachozidi majuma mawili kinahitaji kipimo cha makohozi. Dawa za kifua kikuu zinatolewa bure katika nchi yetu, mtu asiwauzie. Kama si kifua kikuu, munganga asikilize kifua na kupima oksijeni kidoleni.

Dawa zinazofungua mirija zipo, na bora ni zile za kupulizwa mdomoni kwa pompi ndogo. Watu wanaziogopa wakisema zinafunga moyo au zinazoesha mwili. Zikitumiwa kama munganga alivyoonyesha, zinaingia palepale penye shida, na kipimo chake ni kidogo kuliko vidonge. Kwa mtoto au mzee asiyeweza kupatanisha pumzi na pompi, waganga wanaweza kutengeneza chombo cha kusaidia kwa chupa ya plastiki ya nusu lita.

Kuna pia mazoezi. Vuta hewa polepole kwa pua. Halafu itoe kwa midomo iliyobanwa, kama unapoza chai ya moto, mara mbili ya muda uliovuta. Hiyo inazuia mirija isijifunge mapema, na hewa ya zamani inapata kutoka. Pumzi ikikatika njiani, keti, inama mbele kidogo, egemeza mikono juu ya magoti. Mgonjwa asilale tu siku nzima: atembee kila siku kadiri anavyoweza, maana misuli yenye nguvu inatumia oksijeni vizuri zaidi.

Akihema akiwa amekaa, akishindwa kumaliza sentensi moja, midomo ikibadilika rangi, makohozi yakigeuka rangi na homa ikapanda, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, apelekwe hospitali mara moja. Makohozi yenye damu nayo yasingojewe.

Neno la mwisho: juu ya bibi mzee

Huko Usukumani, Tanzania, wanawake wazee wenye macho mekundu wameshukiwa uchawi, na wengine wameuawa. Macho yao yaliwekwa wekundu na moshi wa kupikia. Walikuwa wamelisha familia zao miaka 50, na malipo yakawa hayo. Sisi nasi tujiangalie. Mama akikohoa, tusimtafute mlozi, tutazame jikoni.

Kwa mkutano ujao wa vikundi naomba kila kikundi kifanye mambo matatu. Mhesabu ni wamama wangapi kati yenu wanakohoa zaidi ya majuma mawili, muwasindikize kituo cha afya pamoja na wareko wenu. Mjifunze kuhesabu pumzi za mtoto, mpaka kila mmoja aweze bila karatasi. Na mchague nyumba moja kila juma, mwende na wanaume na panga, mkate dirisha katika jiko la mama aliye dhaifu zaidi.

Anzeni na nyumba yenye mama anayeweka beseni chini mara tatu njiani.